Karimjee: Tajiri wa mkonge aliyekalia kiti cha Spika

KILA uchaguzi unapokaribia na mfanyabiashara mwenye malori au maduka ya jumla akachukua fomu ya ubunge, vijiwe vya kahawa vya Ngamiani hapa Tanga hugawanyika. Wapo wanaosema tajiri keshashiba, hana haja ya kugusa fedha za umma. Wengine husema tajiri hatoi senti bila hesabu, na kwamba anakwenda kutunga sheria za kodi, ushuru na ardhi zitakazomlinda yeye mwenyewe.

Ubishi huu ni wa zamani. Ulikuwepo kabla ya uhuru, na mtu mmoja aliyesimama katikati yake ni Abdulkarim Yusufali Alibhai Karimjee. Wengi leo wanalijua jina hilo kwa sababu ya ukumbi ulioko Dar es Salaam. Wachache wanakumbuka kwamba mwenye jina hilo alikuwa mfanyabiashara wa ukoo wenye mashamba ya mkonge mkoani Tanga, na kwamba ndiye aliyekuwa Spika siku Tanganyika inapata uhuru, Desemba 9, 1961.

Kwanza nitoe utata mmoja. Msomaji asimchanganye na A. M. Jeevanjee wa Mombasa na Nairobi, yule aliyepata utajiri kwa kandarasi za reli ya Uganda, akaanzisha gazeti mwaka 1901, kisha akawa Mhindi wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Wote ni Mabohora wenye asili ya Bara Hindi na majina yanafanana, lakini huyu wetu ni wa ukoo mwingine wenye historia yake.

Ukoo wa Karimjee Jivanjee ulitoka Mandvi, katika jimbo la Kutch, ukaanza biashara Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Karimjee Jivanjee mwenyewe alijitenga na ndugu zake mwaka 1861 akaanzisha kampuni yake. Waliuza karafuu, mbata na pembe kwenda nje, wakaleta nguo na vyakula. Biashara hii iliwafundisha jambo ambalo mfanyabiashara yeyote wa mazao analijua: faida haitegemei zao moja, inategemea kujua bei ya Bombay na London kabla ya jirani yako kuijua. Vizazi vilivyofuata vilienea pwani na bara, na katika miaka ya 1940 makao ya biashara yakahamia Dar es Salaam.

Abdulkarim alizaliwa katika ukoo huu mwanzoni mwa karne ya 20, mtoto wa Yusufali Karimjee, ambaye Waingereza baadaye walimpa cheo cha Sir. Hakuanza na kibanda cha duka, alirithi. Hili tuliseme wazi, maana makala nyingi za watu waliofanikiwa hupenda kila tajiri awe amewahi kuuza karanga.

Sasa tuje kwenye mkonge, maana bila kuuelewa mkonge huwezi kuelewa kwa nini matajiri wa Tanga walikuwa na sauti kubwa serikalini.

Zao hili lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, ni 62 tu iliyopona, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Miaka 70 baadaye Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani, ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, na sehemu kubwa ikitoka Tanga.

Lakini mkonge si zao la mtu mwenye jembe na subira peke yake. Unapanda, unapalilia, unasubiri karibu miaka mitatu kabla ya kukata jani la kwanza. Katika kila kilo 100 za majani unapata kilo nne hivi za singa. Zilizobaki ni maji na makapi. Jani likikatwa linatakiwa kufika kwenye korona haraka kabla halijakauka, kwa hiyo unahitaji reli ndogo au malori, maji mengi ya kuoshea, uwanja wa kuanikia, brashi na mashine ya kufunga marobota. Mtaji wa namna hiyo ulikuwa mikononi mwa makampuni ya Ulaya, Wagiriki na koo chache za Kiasia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mashamba ya Wajerumani yaliuzwa, na baadhi ya Waasia wakapata nafasi ya kuingia. Ukoo wa Karimjee ukaja kuwa miongoni mwa wenye mashamba wakubwa kabisa wa Kiasia.

Na nguvukazi? Ni manamba, waliosafirishwa kutoka mikoa ya mbali na hata nchi jirani, wakifanya kazi kwa kipande: kadi ya siku 30 ambayo mtu hulipwa ikijaa. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya pamoja ya kuajiri, SILABU. Mwenye shamba kwa hiyo alikuwa na haja na serikali katika kila hatua: hati ya ardhi, usafiri wa wafanyakazi, mishahara, ushuru wa kusafirisha, bandari. Mtu mwenye haja nyingi kiasi hicho lazima atafute kiti mahali sheria zinapotungwa. Kwa mchumi hilo halina cha kushangaza.

Karimjee alikipata kiti hicho. Alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, akapata pia kuwa Meya wa Dar es Salaam. Hakupigiwa kura na wananchi. Enzi hizo wajumbe waliteuliwa na Gavana. Baraza lililoundwa upya mwaka 1955 lilikuwa na viti 30 vya wajumbe wasio maofisa wa serikali, vikigawanywa sawasawa: Waafrika kumi, Waasia kumi, Wazungu kumi. Hesabu hiyo iliwaweka sawa watu milioni nane na jamii zilizokuwa na watu maelfu tu. Ndiyo maana TANU iliikataa. United Tanganyika Party, chama kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana Twining, ndicho kilichoitetea.

Mwaka huo wa 1955 ndipo ukumbi wa Karimjee ulipojengwa, zawadi ya ukoo huo kwa jiji. Zawadi nyingine zilikuwa shule na hospitali. Hapa Tanga, Shule ya Sekondari Usagara ilianza kwa jina la Karimjee, na Hospitali ya Mnazi Mmoja kule Unguja nayo ilipata kuitwa Karimjee Jivanjee. Je, ni sadaka au ni siasa? Maoni yangu ni kwamba vilikuwa vyote viwili. Katika dini yao kutoa ni wajibu, na tajiri mwenye asili ya kigeni alijua pia kwamba jengo lenye jina lake humtetea hata asipokuwapo. Mtoto wa mkata mkonge hakusoma kwa sababu ya ukumbi wa Dar es Salaam. Lakini shule ya Tanga imebaki inafundisha, na waliopita pale ni wengi.

Mwaka 1958 ulikuja uchaguzi wa kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake imeharibika. Isitoshe, ili kuandikishwa ulihitaji elimu ya kiwango fulani, au wadhifa, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Pauni 150 ni shilingi 3,000, yaani 250 kwa mwezi. Mkata mkonge hakufika hata nusu ya hapo. Kwa hiyo katika Jimbo la Tanga, lililopiga kura katika awamu ya kwanza Septemba 1958, watu walioibeba uchumi wa nchi mgongoni hawakuwa na sauti katika sanduku la kura.

TANU nusura ipasuke kwa jambo hili katika mkutano wa Tabora, Januari 1958. Zuberi Mtemvu aliondoka akaunda African National Congress, kwa hoja kwamba Waafrika wasiwapigie kura wageni wenye mali. Mwalimu Nyerere alisimamia upande wa kushiriki na akashinda. TANU ikaunga mkono wagombea wa Kiasia na Kizungu waliokubaliana nayo, nao wakashinda. UTP ikafa. Katika jamii ya Waasia wenyewe vijana wa Asian Association, akiwemo Amir Jamal, walikuwa wamekwishaona kwamba usalama wao uko kwa TANU, si kwa mgawanyo wa viti.

Karimjee hakuingia katika kinyang'anyiro hicho. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa amekalia kiti cha Spika, akimpokea Brigedia Scupham, na Spika hana chama wala hachangii hoja. Kwa mtu wa aina yake, nadhani lilikuwa pahali pazuri kuliko pote: heshima ipo, kura hazihitajiki, na mdomo umefungwa kwa mujibu wa kanuni. Uchaguzi wa Agosti 1960 uliipa TANU viti 70 kati ya 71, na Spika akabaki yule yule tajiri wa Kiasia. Kama TANU ingetaka aondoke mapema zaidi, ilikuwa na wingi wa kutosha wa kumng'oa.

Jaribio kubwa lilikuja Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, ulipoletwa muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa watu weusi tu. Hoja yao haikuwa ya chuki tupu. Walitazama nani anamiliki maduka, majumba na mashamba, wakaogopa kwamba bendera itabadilika na hesabu za benki zitabaki zilivyo. Nyerere alipinga kwa ukali, akasema serikali yake itajiuzulu kuliko kukubali uraia wa rangi. Muswada ukapita. Ubishi huo uliwahusu watu kama Karimjee, mali yake na haki yake ya kuitwa Mtanganyika, na ulitokea katika kipindi cha uspika wake.

Aliacha uspika Desemba 1962 nchi ilipokuwa Jamhuri, akapokewa na Chifu Adam Sapi Mkwawa.

Kwa muda mkonge uliendelea kung'ara. Bei ilikuwa imepanda sana wakati wa Vita ya Korea, ikapanda tena mwaka 1963. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni na bei ikashuka kwa zaidi ya theluthi katika miaka michache. Likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Mabenki yalitaifishwa kwanza. Oktoba mwaka huo ikawa zamu ya mkonge, na mashamba ya ukoo wa Karimjee yalikuwamo. Bunge lililopitisha sheria hizo lilikuwa lile aliloliongoza. Mwaka 1971 ikafuata sheria ya majumba, iliyogusa nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000.

Azimio lilikuwa na kipengele kingine kinachohusu ubishi wa vijiweni moja kwa moja. Masharti ya uongozi yalimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupangisha nyumba au kupokea mishahara miwili. Kwa maneno mengine, mtu kama Karimjee asingeweza tena kugombea hata kama angetaka. Hali ilikuwa hivyo hadi Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipolegeza masharti, na wafanyabiashara wakaanza kurudi kuchukua fomu.

Je, mkonge ulinufaika kwa kuondolewa tajiri? Takwimu si rafiki. Kufikia mwaka 2000 nchi ilikuwa inazalisha tani 20,000 hivi. Haki ni kusema kwamba soko la dunia lilikuwa limeharibika kabla ya 1967, na wapo wenye mashamba waliokuwa wameacha kupanda upya kwa sababu waliona upepo unakoelekea. Lakini shirika la umma nalo lilichelewa kupanda upya, korona zikazeeka, na manamba wakarudi makwao. Kuanzia mwaka 1999 wakulima wadogo wa Hale, Magoma, Ngombezi na kwingineko wilayani Korogwe walianza kugawiwa maeneo ndani ya mashamba hayo. Wamepata ardhi. Ukizungumza nao, hata hivyo, mazungumzo hurudi kwenye korona: ni ya nani, inakata kiasi gani kwa kila tani, na nani anakaa mezani wakati makato yanapopangwa.

Abdulkarim Karimjee alifariki dunia katika miaka ya 1970. Biashara ya ukoo ilibaki nchini, zaidi kwenye magari. Bunge lilihamia Dodoma, shule ya Tanga ikabadilishwa jina. Ukumbi wa Dar es Salaam haukubadilishwa.