Raia G.C.: Mwanamuziki wa Poland aliyejiandika kama jalada la polisi

Mwaka 1986, Grzegorz Ciechowski alikuwa hajatimiza miaka 30, na bendi aliyoiongoza, Republika, ilikuwa miongoni mwa bendi mashuhuri kabisa nchini Poland. Ugomvi wa ndani ukaivunja. Ciechowski hakuunda bendi nyingine, wala hakutumia jina ambalo vijana wa nchi nzima walilijua. Albamu aliyoitoa peke yake mwaka huo aliipa jina kavu: Obywatel G.C., yaani Raia G.C.

Katika Poland ya kikomunisti, raia ndilo neno alilotumia polisi alipomsimamisha mtu barabarani na kumdai kitambulisho. Herufi za mwanzo za jina, nazo, ndizo zilizoandikwa magazetini palipokuwa na habari za mtuhumiwa. Mwimbaji huyo alijigeuza mwenyewe kuwa jalada.

Alizaliwa tarehe 29 Agosti 1957 mjini Tczew, kando ya mto Vistula, akasomea lugha na fasihi ya Kipolishi katika chuo kikuu cha Toruń. Huko alijiunga na bendi ya Res Publica akiwa mpiga filimbi. Mwaka 1981 bendi hiyo, chini ya uongozi wake, ikawa Republika. Desemba mwaka huohuo serikali ilitangaza sheria ya kijeshi. Wakati mitaa ikiwa na vifaru, redio ilianza kusikika ikipiga roki ya aina mpya: piano ya kugongwa kwa nguvu, gitaa kali, sauti isiyobembeleza, na maneno kuhusu mtu aliyemezwa na kiwanda. Mavazi na bendera za bendi zilikuwa nyeusi na nyeupe tu. Albamu ya kwanza, Nowe sytuacje, ilitoka mwaka 1983.

Umaarufu huo ulikuwa na gharama. Katika tamasha la Jarocin mwaka 1985, sehemu ya vijana iliwarushia nyanya, ikiwaona wametekwa na redio ya serikali. Hawakushuka jukwaani.

Akiwa peke yake, Ciechowski aliliacha gitaa lirudi nyuma na kuvipa nafasi vinanda vya umeme. Wimbo mmoja wa albamu hiyo una jina lililo kama tangazo la kituo cha reli, Paryż–Moskwa 17:15: treni ya kutoka Paris kwenda Moscow, njia iliyokatiza Ujerumani na Poland zilipokuwa zimetenganishwa na mipaka migumu. Albamu iliyofuata, Tak! Tak! ya mwaka 1988, ilikuwa na Nie pytaj o Polskę, Usiulize kuhusu Poland, ambamo nchi inazungumzwa kama mwanamke anayependwa pamoja na kasoro zake zote. Kati ya kazi zake zote, huenda huo ndio uliozama zaidi mioyoni mwa Wapoland.

Utawala wa kikomunisti ulipoanguka, Republika iliungana tena. Ciechowski aliendelea na majaribio: mwaka 1996, kwa jina la Grzegorz z Ciechowa, alichanganya sauti za waimbaji wa vijijini na midundo ya kompyuta.

Alifariki mjini Warsaw tarehe 22 Desemba 2001, baada ya upasuaji wa moyo, akiwa na miaka 44. Mwaka uliofuata wenzake walitoa nyimbo za mwisho walizozirekodi pamoja naye, na Republika ikakoma.