Mwana wa mhunzi na dhahabu nyekundu

Mwanafunzi wa Bungoma apimwapo malaria zahanatini, tone la damu yake hutiwa katika kijikasha, na punde mstari mwekundu hujitokeza. Ni wachache wajuao kwamba wekundu huo aghalabu ni dhahabu, iliyogawanywa kuwa chembe ndogo mno.

Aliyeichunguza kwanza kisayansi dhahabu ya namna hiyo ni Michael Faraday. Alizaliwa mwaka 1791 karibu na London, mwana wa mhunzi maskini. Shuleni alipata kusoma, kuandika na kuhesabu tu. Akiwa na miaka 14 alianza kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, akawa anavisoma vile alivyovijalidi. Mwaka 1812 alihudhuria mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy, akaiandika, akaijalidi na kumpelekea mwenyewe. Mwaka uliofuata Davy alimpatia kazi ya msaidizi katika maabara ya Royal Institution.

Humo ndimo alimogundua, mwaka 1831, jinsi sumaku izalishavyo umeme. Mwaka 1857 akaeleza jinsi alivyoitenga dhahabu kutoka katika myeyusho kwa fosforasi, akapata kiowevu chekundu kama yakuti. Alipopitisha mwali wa mwangaza ndani yake, njia ya mwali ilionekana. Akatambua kwamba humo mna chembe za dhahabu zisizoonekana kwa hadubini. Alifariki mwaka 1867, akiwa amekataa cheo cha heshima cha ufalme.

Leo wataalamu wanayo njia nyingine. Huzamisha kipande cha dhahabu majini na kukipiga kwa leza, chombo kilichoundwa mwaka 1960. Kila pigo hugeuza sehemu ya uso wa metali kuwa mvuke, nao hupoa majini ukawa chembe, bila kuhitaji fosforasi wala kemikali nyingine. Maji huwa mekundu vilevile.

Wapo wasemao kwamba sayansi ni ya shule zenye fahari. Mimi sikubaliani nao. Hata hivyo, sisemi kwamba bidii pekee yatosha: Faraday aliandika na kujalidi kwa mikono yake, lakini mlango wa maabara ulifunguliwa na mtu mwingine. Mwanafunzi na atimize wajibu wake, nasi walimu tutimize wetu. Katika karakana za jua kali za Kitale na Bungoma wamo wana wa wahunzi wenye vipawa. Je, Davy wao ni nani?