Ronald Ngala na Mamlaka ya Rais

Jina la Ronald Gideon Ngala hutajwa zaidi katika vitabu vya historia kuliko katika vya fasihi, ilhali kalamu yake ilitangulia siasa zake. Mnamo mwaka wa 1949 alichapisha kitabu cha Kiswahili, Nchi na Desturi za Wagiriama, akieleza maisha na mila za watu wake wa Pwani. Alikuwa mwalimu aliyesomea Alliance na Makerere, kisha akawa mwalimu mkuu kabla ya kuchaguliwa mwaka wa 1957 kuwa mmoja wa Waafrika 8 wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kura.

Miaka mitatu baadaye, Kenya ilipoanza kunusa uhuru, viongozi wa jamii ndogo ndogo waliingiwa na hofu. Walihofia kwamba Mwingereza angeondoka na kiti chake kikaliwe na jamii zenye idadi kubwa, nazo zitawale kutoka Nairobi kama alivyotawala yeye. Hofu hiyo ndiyo iliyozaa chama cha KADU mwaka wa 1960, Ngala akiwa kiongozi wake, pamoja na Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Wapinzani wao wa KANU waliwabeza kuwa vibaraka wa walowezi. Ni kweli walowezi walifurahia sera ya majimbo kwa sababu zao wenyewe. Lakini si haki kudai kwamba hofu ya Mgiriama au Mkalenjin kuhusu ardhi yake ilitungwa na mzungu.

Katika mkutano wa Lancaster House, London, mwaka wa 1962, Ngala alishikilia kwamba mamlaka ya utendaji yagawanywe. Mengi ya aliyoyataka yalipatikana. Katiba ya 1963 iliunda majimbo 7 yenye mabaraza yao, pamoja na Seneti yenye wajumbe 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Waziri Mkuu aliongoza serikali, ilhali Gavana Mkuu alimwakilisha Malkia. Aidha, vifungu vilivyolinda majimbo havingebadilishwa bila kuungwa mkono na asilimia 90 ya Seneti. Ngala aliamini kwamba amejenga boma.

Boma lilikuwa la karatasi. KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963, Jomo Kenyatta akawa Waziri Mkuu, na Ngala akawa kiongozi wa upinzani. Serikali kuu ilichelewesha kuyakabidhi majimbo mamlaka na fedha zao. Wabunge wa KADU walianza kuvuka mmoja mmoja, kwani mbunge wa upinzani angewapelekea nini watu wake pasi na serikali? Juu ya hayo, serikali ilitishia kuitisha kura ya maoni iwapo Seneti ingekaidi.

Mnamo Novemba 10, 1964, Ngala alisimama Bungeni akatangaza kwamba KADU imevunjwa na kwamba wanachama wake wanajiunga na KANU. Wapo wanaouita uamuzi huo usaliti, na wapo wanaouita uzalendo. Hukumu ya pili ina uzito zaidi, kwa kuwa kufikia siku hiyo hakuwa na kura za kuzuia lolote, na kuendelea kungeongeza uhasama wa kikabila katika taifa changa. Hata hivyo, gharama yake haikuwa ndogo. Mnamo Desemba 12, 1964, Kenya ikawa jamhuri. Kenyatta akatoka kwenye uwaziri mkuu akaingia kwenye urais bila uchaguzi mwingine, na katika mtu mmoja wakakutana mkuu wa dola na mkuu wa serikali.

Marekebisho yaliyofuata yalikuja mbio mbio. Mwaka wa 1966 mbunge aliyehama chama alilazimika kurudi kwa wapiga kura, uwezo wa kuwaweka watu kizuizini ukapanuliwa, na Seneti ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi. Kufikia 1968 hata masalio ya mabaraza ya majimbo yalikuwa yamefutwa.

Ngala aliyashuhudia hayo akiwa ndani. Mwaka wa 1966 alichaguliwa Limuru kuwa makamu wa rais wa KANU wa Pwani, na mwaka uo huo akateuliwa waziri. Mtu aliyetaka kumpunguzia rais nguvu sasa alikula kiapo mbele yake, na angeweza kufutwa naye wakati wowote.

Alifariki Desemba 25, 1972 kutokana na majeraha ya ajali ya barabarani. Miaka 6 baadaye urais ule ulirithiwa na Moi, mwenzake wa KADU, ambaye hakuonyesha haraka yoyote ya kuupunguza: mwaka wa 1982 Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Seneti ilirejeshwa na katiba ya 2010, pamoja na kaunti 47, Kilifi kwao Ngala ikiwa mojawapo.