Aliyeuita mkwaju 'wa India' hakuwahi kufika Afrika
Ukwaju unaouziwa juisi Temeke na Kinondoni unatoka kwenye mti ambao kitaalamu unaitwa Tamarindus indica. Jina hilo alilitoa Carl Linnaeus mwaka 1753.

Huyu ni Mswidi, mtoto wa mchungaji, aliyezaliwa 1707. Alisomea udaktari, akafundisha Uppsala, akaipa mimea majina mawilimawili ya Kilatini. Afrika hakuwahi kukanyaga.

Tamarindus limetokana na Kiarabu, tamr hindi, yaani tende ya India. Indica nayo ni ya India. India mara mbili, wakati asili ya mkwaju ni huku kwetu Afrika!

Linnaeus alifariki Januari 1778. Kwa kanuni za wataalamu wa mimea, jina lililotangulia halifutwi eti kwa sababu linapotosha.