Kijana Aliyebadilishwa kwa Farasi

Wiki hii tujifunze kutoka kwa maisha ya Samuel Ajayi Crowther.

Alizaliwa karibu mwaka wa 1809 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni Nigeria. Mwaka wa 1821 wateka watumwa walivamia mji wao, wakamkamata yeye, mamake na dada zake. Akatenganishwa na mamake, akauzwa mara kadhaa. Kuna wakati alibadilishwa kwa farasi! Alipoogopa kuuziwa Wareno, usiku alijaribu kujinyonga, akashindwa. Mwishowe akapakiwa melini. Hebu fikiria kumwendea kijana huyo na kumwambia ati huo ni mpango wa Mungu.

Aprili 1822, manowari ya Uingereza ikaikamata meli hiyo, na Ajayi akashukishwa Sierra Leone akiwa huru. Huko akasoma, akampokea Yesu, akabatizwa mwaka wa 1825. Baadaye akawa kasisi, akatumwa Abeokuta, nchi ya kwao. Mwaka wa 1846, baada ya miaka 25 hivi, akampata mamake. Walishikana tu, wakatazamana kimya. Mama naye akabatizwa. Mwaka wa 1864 Crowther akawa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kanisa la Anglikana, na Wayoruba wakapata Biblia kwa lugha yao kupitia kazi aliyoiongoza.

Mimi nilisomea biashara. Tulifundishwa kwamba hasara huandikwa hasara, haibadilishwi jina ili hesabu ipendeze. Basi tusiseme utumwa ulikuwa baraka. Ulikuwa dhambi. Wengi waliotekwa hawakuwaona mama zao tena. Hata Crowther mwenyewe, uzeeni, wamishonari vijana kutoka Uingereza walimdharau na kuivuruga kazi yake. Alikufa Desemba 1891 akiwa amebeba uchungu huo. Lakini ubaya huo wote haukumfunga Mungu mikono. Mahali shetani alipoharibu, Mungu alipanda.

Mpendwa, kama kuna mtu alikutendea ubaya, usijilazimishe kuuita wema. Ulie mbele za Bwana, kisha umwachie autumie anavyojua. Na ukimwona ndugu analia wiki hii, usimkimbilie na mahubiri. Keti naye kwanza. Hata Yusufu aliutaja ubaya wa ndugu zake kabla ya kutaja wema wa Mungu. Soma Mwanzo 50:20 nyumbani na jamii yako.