Botvinnik na Somo la Kushindwa

Aghalabu husikia ikidaiwa kwamba bingwa wa sataranji huzaliwa, hafunzwi. Maisha ya Mikhail Botvinnik wa Muungano wa Kisovieti yananifanya nikatae.

Alizaliwa mwaka 1911, akajifunza mchezo huo akiwa na umri wa miaka 12, na baadaye akasomea uhandisi wa umeme. Alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1948. Smyslov alimpokonya mwaka 1957, Tal mwaka 1960. Kila mara aliyachambua makosa yake bila huruma, na mwaka uliofuata akalirejesha taji. Petrosian alipomshinda mwaka 1963, haki ya marudiano ilikuwa imekwisha kufutwa.

Akageukia ualimu. Wanafunzi walimwonyesha michezo yao, wakakosolewa, wakarudi makwao na kazi ya kufanya. Kijana mmoja, Karpov, alionekana kwake kuwa hana mustakabali. Karpov akazifanya kazi zile, akazama vitabuni. Mwaka 1975 akawa bingwa. Kasparov na Kramnik pia walipitia mikononi mwake.

Botvinnik alifariki mwaka 1995. Nionavyo mimi, jicho lake lilikosea kupima kipawa, lakini kazi aliyotoa haikukosea. Basi walimu na wazazi, tusiwahukumu watoto mapema. Tuwape kazi, kisha tuikague.