Askofu Steere, wakili aliyetupangia herufi za Kiswahili

Mwandishi akitaka kusema mshitakiwa "hana hatia" kisha akaandika "ana hatia", herufi moja imempeleka mtu jela. Makosa ya namna hii tunayaona kila siku magazetini na katika barua za maombi ya kazi. Kula inakuwa kura, mahali panakuwa mahari, na vijana wetu tunaowalea ughaibuni wanaandika "nina penda" kwa maneno mawili, kama Kiingereza. Wasomaji makini wanakereka, na wana haki. Ila wachache wanamkumbuka mtu aliyetangulia kuhangaika na herufi hizi pale Unguja.

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria na mwaka 1850 akawa wakili, lakini moyo wake haukuwa huko. Mwaka 1856 akaingia katika utumishi wa Kanisa la Anglikana, na baadaye akapewa parokia ndogo ya kijijini, Little Steeping. Mwaka 1863 rafiki yake William Tozer, askofu mpya wa misheni ya UMCA, alikuwa anakwenda Afrika. Steere akakubali kumsindikiza kwa muda mfupi tu. Walianzia upande wa mto Zambezi, mambo yakawa magumu, na mwaka 1864 wakahamia Unguja.

Kiswahili hakikuwa lugha isiyo na maandishi. Kwa karne nyingi kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Lakini hati hiyo ina alama tatu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano, hivyo msomaji alilazimika kuijua lugha vizuri ndipo asome bila kubabaika. Huko Mombasa, Ludwig Krapf alikuwa ameshaandika Kimvita kwa herufi za Kirumi.

Steere alikaa na wenyeji, akasikiliza, akauliza, akaandika. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: irabu zisomwe kama za Kitaliano, konsonanti kama za Kiingereza. Mwaka 1865 makusanyo yake ya kwanza yalikwisha kuchapwa Unguja, na vijana waliotolewa utumwani wakafundishwa kazi ya uchapaji. Mwaka 1870 vilitoka vitabu vyake viwili vikubwa, kimoja cha sarufi na msamiati, kingine cha hadithi za Kiunguja.

Hakupatia kila kitu. Aliandika fetha na thahabu, kwa kuwa th ya Kiingereza inabeba sauti mbili, na kila aliiandika killa. Wengine walikuja kurekebisha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikasimamia tahajia. Wapo pia wenye uchungu kwamba ushindi wa herufi za Kirumi umewafanya wajukuu wasiweze kusoma hati walizoacha babu zao. Uchungu huo una msingi.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja, na mwishoni mwa mwaka huo huo likawekwa pale Mkunazini jiwe la msingi la kanisa kuu. Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874, alisimamia ujenzi wake hadi likafunguliwa Krismasi ya mwaka 1879, huku akiendelea kutafsiri na kuchapa. Alifariki Unguja Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa hilo.

Somo lake kwetu liko wazi. Tahajia ya Kiswahili ilijengwa kwa sikio: unaandika unavyosikia. Ndiyo maana anayeandika kura badala ya kula mara nyingi si mjinga, bali lugha ya mama yake haitenganishi l na r. Kumcheka hakusaidii. Mtamkie, asikie, arudie. Lakini sisi tunaoishi kwa kalamu hatuna udhuru huo. Mgeni kutoka Lincolnshire aliweza kuketi na wazee wa Unguja akauliza neno linatamkwaje. Mwandishi aliyezaliwa ndani ya lugha hii anashindwa nini kusoma habari yake mara ya pili kabla ya kuitoa? Mwenye kesi kule mahakamani anaitegemea ile h.